Milimita Tatu za Shaba

Bunduki ile ilikuwa ya marehemu baba yake: raifoli ya Marlin 336, kitako cha mbao ya jozi, kimeng'aa pale shavu linapoegemea. Baba mtu aliinunua miaka ya hamsini, na kila Novemba akisafiri nayo mpaka kaskazini ya Michigan, kwa kuwa nyumbani kwake Indiana, jimbo jingine la Marekani, hakuruhusiwa kuitumia kumpiga kulungu. Alipofariki bunduki ikahamia kwa mwanawe, mwana akaiweka kabatini, na kabatini ikakaa. Alikuwa akiitoa mara moja kwa mwaka, anaipaka mafuta, anairudisha.

Huyo mwana ndiye mzee aliyenifundisha kazi. Nilipoingia karakana ya vipuri huko Indianapolis nilijua kuendesha lori tu. Yeye ndiye aliyenishika mkono kwenye mashine ya kukereza, akanipa kalipa, kifaa cha kupimia vipimo vidogo, na kuniambia nisiamini jicho langu hata siku moja. Alipostaafu alirudi kwenye shamba la familia, wilaya ya Parke County, kule kwenye madaraja ya mbao yaliyoezekwa mapaa kama nyumba. Mimi nikawa namtembelea. Nilikuwa namwita Mzee, kwa Kiswahili hivyo hivyo, na alilipenda jina hilo tangu nilipomweleza maana yake.

Mkasa wote uko kwenye urefu wa ganda la risasi, kwa hiyo nieleze kidogo. Bunduki ile hutumia risasi ya .35 Remington, ya tangu mwaka 1906. Ganda lake la shaba lina urefu wa inchi 1.920. Indiana ni nchi tambarare, mashamba ya mahindi na soya, na kila ukitazama kuna nyumba ya mtu. Kwa miaka mingi mwenye kuwinda kulungu kwa baruti alitumia shotigani yenye risasi moja nzito, gobori, au bastola, ili risasi ikikosa isisafiri mbali ikaingia dirishani kwa watu. Mwaka 2007 jimbo likaruhusu raifoli, lakini zenye risasi za kipimo cha bastola tu: kichwa kisichopungua upana wa inchi .357, ganda lisilopungua urefu wa inchi 1.16 wala kuzidi 1.625. Baadaye kikomo cha juu kikasogezwa hadi inchi 1.8.

Mafundi wa huko hawakulala. Walichukua maganda manene yenye nguvu, wakayakata shingo mpaka yakaingia ndani ya kipimo, wakapata risasi ambazo hazikuuzwa na kiwanda chochote. Nyingine zilikuwa na nguvu kuliko ile ya baba yake Mzee iliyokatazwa. Wapo waliosema sheria ya namna hiyo ni ya kipuuzi, maana inapima urefu na kuacha nguvu. Mimi sikukubaliana nao, na hata leo sikubali. Sababu ya sheria ilikuwa nyumba za watu, na hiyo ni sababu ya haki. Kama kipimo hakikukamilika, basi kilikuwa kipimo, kila mtu akikiona na kukishika mkononi.

Mzee alipiga hesabu yake kimya kimya. Kutoka 1.920 mpaka 1.8 ni inchi 0.12. Milimita tatu. Shingo ya ganda lile ni ndefu, ukiipunguza milimita tatu bado inabaki sehemu ya kushika kichwa cha risasi. Milimita tatu za shaba ndizo zilizokuwa zimeifungia bunduki ya baba yake kabatini.

Mwaka 2013, mwezi wa Oktoba, akanipigia simu. "Macho yangu hayalengi tena," akasema, "na mikono inatetemeka. Ningependa kijana niliyemfundisha aibebe."

Nililala na maneno hayo siku tatu. Mimi ni mtu wa Voi. Nimekulia kando ya Tsavo, na nimezaliwa miaka miwili baada ya serikali ya Kenya kupiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Kwetu nyama ya pori ilitajwa kwa kunong'ona. Nilipokuwa darasa la nne jirani yetu alichukuliwa na askari kwa sababu ya digidigi mmoja, mnyama asiyejaza sufuria mbili, na wanawe wakatuhamia sisi kwa chakula cha jioni muda mrefu. Bunduki nilizoziona utotoni zote zilikuwa mikononi mwa askari. Nilipomweleza mama kwa simu kwamba nimealikwa kuwinda, aliuliza jambo moja tu: "Mwanangu, hamtafungwa?"

Nikajibu kwamba sijui, nitauliza. Nikauliza kweli. Mgeni mwenye viza ya muda kwa kawaida haruhusiwi kushika bunduki Marekani, isipokuwa kwa masharti kama kuwa na leseni halali ya kuwinda. Mimi nilikuwa na kadi ya ukaaji wa kudumu, nikaruhusiwa. Nikanunua leseni ya kulungu kwa bunduki, iliyoruhusu dume mmoja mwenye pembe. Na pembe nayo ina kipimo: angalau moja isipungue inchi tatu.

Ilibaki sheria nyingine, ile ya kwetu. Nilikwenda Plainfield kuswali Ijumaa, nikamngoja mzee mmoja wa msikitini ambaye mimi humwamini kwa mambo ya dini. Akanijibu bila kusita: taja jina la Mungu unapofyatua, risasi itoboe, na ukimfikia bado yu hai umchinje, ukimkuta amekufa kwa jeraha lako, ni halali. "Lakini utaje," akarudia, kidole juu. "Usisahau kwa hamu."

Basi wiki mbili za mwanzo wa Novemba tukawa karakanani kwake, ndani ya ghala la nafaka. Yeye alikaa kwenye kiti cha mbao, mimi nikasimama kwenye mashine. Maganda ishirini mapya, hayajatiwa fataki, kile kiwashio cha baruti, wala baruti yenyewe. Kila moja nilikereza shingo yake taratibu, uzi mwembamba wa shaba ukijikunja na kuangukia kwenye karatasi, kisha nikasugua ncha ndani na nje, nikapima. Mzee hakutaka 1.8 kamili. Alitaka 1.790, kwa sababu ganda likipigwa hurefuka kidogo, naye alitaka hata baada ya mlipuko liwe bado ndani ya sheria. Ganda moja lilinitoka mkononi likasoma 1.803. Nikamwonyesha. Akalitia mfukoni mwa ovaroli bila neno, na sikuliona tena.

Baruti alipima mwenyewe, hakuniachia. Tulitengeneza kwanza risasi tano tupu, zisizo na fataki wala baruti, tukazipitisha kwenye bunduki mara nyingi, maana bunduki ya mtindo ule huletewa risasi kutoka bomba lililo chini ya mtutu, na risasi iliyobadilishwa urefu inaweza kukwama njiani. Zilipopita bila kukwama akafumba macho, akatikisa kichwa polepole. Nadhani siku ile alikuwa na baba yake ghalani.

Kuzoea mshindo na kulenga, nilitumia risasi za dukani, zile ndefu, nikipiga ubao nyuma ya ghala. Hilo lilikuwa halali, ubao si kulungu.

Msimu ulifunguliwa Jumamosi, tarehe 16 Novemba. Tuliondoka nyumbani kwake kungali giza, tumevaa fulana za rangi ya chungwa juu ya makoti, tukaacha gari kwenye uzio na kukata shamba la mahindi lililokwisha vunwa. Mashina yaliyobaki yalikuwa yakivunjika chini ya viatu. Tulitembea kama robo saa, Mzee mbele na fimbo yake. Tulipofika chini ya mwaloni alioutaka, kwenye ukingo wa msitu unaoshuka kijitoni, nikatia mkono mfukoni kutafuta glavu.

Vidole vikakuta risasi.

Kidole gumba kilijua kabla yangu. Nilikuwa nimekereza na kushika zile fupi usiku mwingi mno nisiweze kukosea. Hii ilikuwa ndefu, ya dukani, iliyobaki kwenye koti tangu siku ya ubao. Milimita tatu zaidi.

Nilisimama nayo gizani. Hapakuwa na mtu maili nzima. Ningeweza kuiacha mfukoni na kutoigusa. Ningeweza kuifukia chini ya majani. Saa ya halali ingeanza nusu saa kabla ya jua kuchomoza, na kila mwindaji niliyezungumza naye alisema dakika zile za kwanza ndizo zenye kulungu. Nilimwonyesha Mzee kiganjani. Aliinama, akaitazama kwa tochi nyekundu ndogo aliyovaa shingoni.

"Kairudishe garini," akasema. "Nakungoja hapa."

Nilikwenda na kurudi nikihema. Nikaisimamisha mbele ya usukani, kwenye kioo, nikafunga mlango. Njiani kurudi mbingu ilikuwa imeshafifia, mstari wa kijivu upande wa mashariki, na mlio wa kwanza wa bunduki ukasikika mbali kabisa, shamba la watu wengine. Nilimwaza jirani yetu wa Voi. Sikuwa nimemwaza miaka mingi. Niliwaza kwamba yeye hakupewa kipimo chochote cha kushika mkononi, hakuna mtu aliyemwambia mpaka hapa ndiyo, kuanzia hapa siyo. Kwake ilikuwa siyo tupu, na watoto wana njaa. Lakini najua pia kwamba huku Indiana kulungu walikuwa wamekwisha kabisa mwanzoni mwa karne ya 20. Walirudishwa kuanzia mwaka 1934, wakaletwa kutoka majimbo mengine, na uwindaji haukufunguliwa tena mpaka 1951. Wanyama waliokuwa wakipumua msituni asubuhi ile walitokana na watu kujizuia. Tsavo nayo niliikuta ingali na tembo. Sikuweza kulifunga fundo hilo kichwani, na sijalifunga bado.

Nikakaa kando ya Mzee, migongo yetu kwenye mwaloni.

Alitangulia jike na watoto wawili wakubwa, wakapita hatua thelathini, masikio yakigeuka huku na huku. Leseni yangu haikuwa yao. Niliwatazama tu mpaka mikia yao myeupe ikapotea. Kisha muda mrefu bila kitu, jua likatoka, kindi wakaanza fujo kwenye majani. Nilishaamini kwamba nimeipoteza asubuhi ya Mzee kwa koti nisilolikagua.

Dume alikuja kwa njia ile ile waliyopita wenzake, kichwa chini, akinusa. Pembe zake hazikuwa kubwa, ila kipimo cha inchi tatu zilikipita kwa mbali. Mzee aligusa goti langu. Nilikoki bunduki polepole, nikangoja mguu wa mbele usogee, na kama hatua sitini nikafyatua.

Alitimka. Alivuka kichaka, akashuka upande wa kijito, kisha kimya. Nilitaka kusimama, Mzee akanishika bega: nusu saa, akasema, tusimkimbize. Na katika nusu saa ile ndipo baridi iliponiingia kwelikweli, kwa sababu sikuweza kukumbuka kama nilisema Bismillahi. Nilikumbuka mguu wa mbele. Nilikumbuka kidole. Kabla ya mlio kulikuwa na ukungu. Nilirudi nyuma kichwani mara kumi na kila mara nikaishia palepale. Kulungu mzima, na leseni, na wiki mbili za kukereza, na mimi nisingeweza kumla wala kumlisha mtu wangu.

Mzee aliniona. Akauliza ninaumwa. Nikamweleza, kwa aibu, kwamba kwetu kuna neno lazima litamkwe.

Akanitazama kidogo. "Ulisema kitu," akasema. "Kabla tu ya mlio. Kwa sauti ndogo, na hakikuwa Kiingereza. Nilidhani unazungumza na baba."

"Una hakika, Mzee?"

"Macho yamekwisha. Masikio yangu mazima."

Tulifuata damu kwenye majani ya mwaloni, tone, kisha tone, kisha mengi, na tukamkuta kando ya maji, amekwisha kufa, jeraha nyuma ya bega. Nilipiga magoti, nikaweka mkono shingoni mwake. Alikuwa bado ana joto. Nikajaza kikaratasi cha kusafirishia, nikamfungia.

Mzee hakutaka nyama ila minofu miwili ya mgongoni. Nyingine yote ilikwenda Indianapolis, na Jumapili mke wangu aliipika pilau huku simu zetu zikilia tahadhari moja baada ya nyingine, maana ndiyo siku ile vimbunga vilipita Indiana na kuipiga Kokomo. Tulikula tumekaa sakafuni ukumbini, mbali na madirisha, watoto katikati yetu.

Lakini Jumamosi jioni, kabla sijaondoka, Mzee aliniita ghalani. Alikuwa ameliokota lile ganda moja lililopigwa. Akalifuta kwa kitambaa, akanipa kalipa, akaniambia nisome kwa sauti. Lilikuwa 1.794. Akafungua daftari la baba yake, lenye tarehe za safari zote za Michigan kwa penseli, akaandika tarehe ya siku ile, mahali, na 1.794. Chini yake akaandika jina langu. Halafu akainua kalamu, akaniuliza lile neno nililolisema linaandikwaje.