Siku Tulipokata Mpini wa Mashine ya Kuazima

Mwaka 2014 nilikuwa katibu wa kikundi cha wakulima wa mpunga huko Mabogini, kusini mwa mji wa Moshi. Kazi hiyo nilipewa si kwa sababu nilijua kilimo kuliko wenzangu, bali kwa sababu nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na mwandiko wangu ulisomeka. Skimu yetu ya umwagiliaji ya Lower Moshi, iliyokamilika mwaka 1987 kwa msaada wa Japani na kunyweshwa na mito ya Rau na Njoro, ilikuwa imeponzwa na mafanikio yake yenyewe: wakulima wa juu ya mto walipoona kwamba mpunga unalipa, nao walichimba majaruba yao, na sisi wa chini tukabaki kugombania zamu za maji hata usiku wa manane.

Ndiyo maana bibi shamba alipotuletea habari ya kilimo shadidi, yaani njia ya kulima mpunga kwa maji machache, tulimsikiliza. Alituambia kwamba utaratibu huo ulianzia Madagaska miaka ya 1980, kwa padri mmoja Mfaransa aitwaye Henri de Laulanié, aliyekuwa akifanya kazi na wakulima wa huko. Badala ya kung'oa miche ya wiki tatu au zaidi na kuibana mitatu au minne kwenye shimo moja, unahamisha mche ukiwa na siku nane hadi kumi na mbili, mmoja mmoja, kwa nafasi ya sentimita 25 kila upande. Maji nayo huyaachi yasimame. Unayaingiza, kisha unaacha udongo ukauke hadi uanze kuonyesha nyufa nyembamba, ili mizizi ipate hewa. Tulipopandikiza jaruba la majaribio, mzee mmoja aliyekuwa akipita na baiskeli yake alisimama kwenye tuta, akatazama miche ile kwa muda, akauliza, "Wanangu, mnapanda mpunga au mnapanda nywele?"

Tulicheka, lakini wiki mbili baadaye hatukuwa na la kucheka. Maji yaliyosimama ni mpalilizi wa bure, na sisi tulikuwa tumemfukuza, hivyo magugu yalitoka kama yaliyoalikwa. Bibi shamba alikuwa ametuonya, na alikuwa ametuazima mashine ya kupalilia ya kusukuma kwa mkono, yenye mapipa mawili ya chuma ya umbo la pia, yaliyopangwa meno kuyazunguka, na mbele yake kiatu cha bati cha kuizuia isizame. Inatakiwa ianze kupita shambani takriban siku kumi baada ya kupandikiza. Mimi, niliyepaswa kuzihesabu siku hizo kwenye daftari, nilikuwa nimekwenda Same msibani bila kumwachia mtu daftari, na mashine iliingia shambani siku ya ishirini na mbili.

Ilisukumwa hatua nne, ikasimama. Udongo wetu ni mweusi na unanata, na tope lilijaa katikati ya meno mpaka mapipa yakawa matonge mawili yasiyozunguka. Tuliyasafisha kwa kijiti, tukasukuma tena, yakajaa tena. Vijana walisema mashine ni mbovu, warudi kwenye jembe. Mwenyekiti wetu, mama wa makamo asiyezidi urefu wa bega langu, ndiye aliyeishika muda mrefu kuliko wote, kisha akaniita. "Katibu, njoo utazame. Hii ilitengenezewa mwanamume mrefu. Mpini unanifika kidevuni, nikisukuma nainua pua badala ya kuisogeza mbele. Na haya meno ni mengi mno kwa tope letu."

Palizi ya mpunga kwetu ni kazi ya akina mama kwa sehemu kubwa, na katika siku zote za mafunzo hakuna mtu, mimi nikiwa wa kwanza, aliyewahi kuuliza mpini ule ulipimwa kwa kifua cha nani.

Kesho yake tuliifunga mashine kwenye bodaboda, tukampelekea fundi wa kuchomelea wa Pasua. Nilimkumbusha mwenyekiti kwamba si mali yetu. Akanijibu kwamba hata mtoto wa kuazima hunyolewa nywele zikimziba macho, usemi ambao nashuku aliutunga palepale. Fundi alikata bomba la mpini, akaliunga upya kwa bomba jembamba linaloingia ndani ya lile nene, akatoboa matundu matano na kupitisha boliti, ili kila mtu aupandishe au aushushe kwa kimo chake. Kwenye mapipa alikata jino moja, akaruka moja, akakata jingine. Jioni ile mashine ilipita mstari mzima ikisimama mara mbili tu.

Bibi shamba alikuja siku ya Alhamisi. Aliiona kutoka mbali, na sisi tukanyamaza kama wanafunzi waliovunja dirisha. Alivua viatu, akapandisha gauni na kulifunga kiunoni, akashusha boliti matundu mawili, akasukuma mistari mitatu bila kusema neno. Aliporudi kwenye tuta hakuuliza nani aliyetoa ruhusa. Aliomba daftari langu, akageuza ukurasa mpya, akaniamuru niandike mambo manne: tulichobadilisha, sababu yake, siku tuliyobadilisha, na kilichotokea baadaye. Kisha akatuomba tuache jaruba la pembeni lipaliliwe na mashine ya pili ambayo haijakatwa, atakayoileta yeye, ili tuwe na cha kulinganisha.

Kwangu mimi mafunzo yalianza hapo. Miezi yote ya nyuma nilikuwa nimeandika alichosema bibi shamba. Kuanzia Alhamisi ile nilianza kuandika tulichofanya sisi, pamoja na kosa langu la siku ya ishirini na mbili, ambalo mwenyekiti alihakikisha limo, akisimama nyuma ya bega langu mpaka nikalimaliza.

Msimu uliofuata kikundi cha jirani kilikuja kuazima mashine. Walikaa nayo wiki moja, wakairudisha ikiwa imeoshwa vizuri, na kiatu cha bati kimekunjwa kwa juu kidogo kuliko tulivyokiacha. Mwenyekiti alikikagua kwa kidole, akakunja uso, akanitazama.

"Andika," alisema.