Wageni wa Kivu

Jana usiku binti yangu, mdomo umejaa bugali na sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, aliniuliza: "Papa, hizi ni za hapa kwetu?" Mama yake akainamia sahani ili nisimwone akicheka.

Kabla ya kituo cha utafiti cha Lwiro na vikao vya Kinshasa, nilikuwa kijana mwenye kibao cha kupimia samaki na koti la kuazima. Kapita mmoja, msimamizi wa wavuvi wa Nguba, mtaa wa Bukavu, alikubali kunichukua ziwani usiku usio na mbalamwezi. Mitumbwi mitatu ilikuwa imefungwa pamoja kwa miti mirefu, karabai zikining'inia juu ya maji. Walipiga kasia wakiimba. Tulipofika, wakanyamaza na kushusha wavu. Nilitapika mara mbili; hilo tuliache.

Walipoanza kuvuta, niliona kwanza weupe tu, kama maziwa yamemwagika chini kabisa. Weupe ukapanda, ukaota macho. Sambaza hapigani kama tilapia. Anatetemeka tu, yeye na wenzake maelfu, na juu ya mbao za mtumbwi walilia kama mvua inayoanza kugonga bati. Magamba yalinigandia viganjani. Nikamlaza mmoja kwenye kibao: milimita 74. Nikamwinua kwenye taa, na tumboni mayai yakaonekana.

"Huyu alikuwa karibu kutaga," nikasema kwa sauti ya msomi. "Hawa inabidi tuwalinde."

"Walitoka wapi?" kapita akauliza.

Nikajibu kama niko kwenye mtihani. Waliletwa kutoka Tanganyika kati ya 1958 na 1960, wakati wa Wabelgiji, kwa sababu huku katikati ya Kivu hapakuwa na samaki wa kula vijidudu vinavyoelea. Nikaongeza, hakuna aliyeniuliza, kwamba ziwa lina kina cha zaidi ya mita 480, ila samaki anapata pumzi kwenye kama 60 za juu tu. Chini ni gesi.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Huyo mzee alikuwa na adabu.

"Baba yangu alivua ziwa hili na hakuwahi kumwonja," akasema. "Basi ni wageni. Na wewe mwanangu umesoma ili uwalinde wageni, mwenye ziwa alale njaa?"

Mitumbwi yote mitatu ikacheka.

Tangu usiku huo nimeandika ripoti nyingi kumtetea samaki huyo. Nimesimama ufukweni vyandarua vya mbu vilivyovuliwa samaki wachanga vikichomwa, akina mama wakiniangalia. Wenzangu wa hifadhi ya Kahuzi-Biega wanalinda gorila, na gorila haulizwi alitoka wapi. Nimewaonea wivu sana.

Yule wa milimita 74 nilimrudisha majini, kapita akinitazama bila neno. Alielea ubavu chini ya karabai, akizunguka polepole, mpaka kasia ikamsukuma gizani.

"Papa?"

"Ni za hapa," nikamwambia. Akavuta pilipili.