Mwalimu alipohesabu maneno

Mwaka 2013 nilikuwa nafanya kazi saiba moja hapa Nakuru, upande huu wa Kaptembwo na Rhoda. Wodi yenyewe sitaitaja maana aliyeshinda uchaguzi wa wodi mwaka huo bado tunakutana naye sokoni. Kompyuta zilikuwa tano na moja ilikuwa imekufa kitambo, tunaiwekea kitambaa juu ikae kama inapumzika. Kazi yangu ilikuwa kukaa kaunta, kupiga fotokopi, kuchapia watu barua za kuomba kazi, na jioni kuhesabia mwenye duka pesa zake hadi shilingi ya mwisho.

Sasa kama ulikuwa mtu mzima hiyo miaka utakumbuka venye watu walikuwa wamechanganyikiwa. Tulikuwa tumezoea kura tatu tu, ya rais, ya mbunge na ya kansela, unatumbukiza unaenda nyumbani. Halafu katiba ya 2010 ikaja na kura sita kwa siku moja, rais, gavana, seneta, mwakilishi wa wanawake, mbunge na mwakilishi wa wodi, na uchaguzi wa kwanza wa hiyo style ulikuwa tarehe 4 Machi 2013. Akina mama wakija kufotokopi kitambulisho wananiuliza, eti huyu seneta ndo bosi wa gavana ama gavana ndo bosi wake? Mimi nami nilikuwa najifanya najua. Hata constituency yetu yenyewe ilikuwa mpya, Nakuru mjini ilikuwa imegawanywa mara mbili, East na West, kuna watu hawakuwa na uhakika wako upande gani.

Tarehe 11 Februari usiku kukawa na ule mdahalo wa rais kwa tivii, wagombea wote wanane wamesimama kwa mstari wanaulizwa maswali, kila mtu na dakika zake. Tuliutazama kwa hoteli ya jirani, chai moja masaa matatu mpaka mwenye hoteli akaanza kutuangalia vibaya. Tulikuwa wanne, mimi, jamaa wa boda, dada mmoja wa saluni, na kijana mwingine alikuwa anasoma chuo kikuu cha Egerton, kampasi ya hapa mjini. Huyo wa Egerton ndo alisema, sasa hawa wakubwa wameulizwa, na hawa wetu wa wodi nani atawauliza? Maana ukweli ni kwamba rais hatakuja kuzibua mtaro wa nyuma ya nyumba yako, na wa wodi walikuwa tisa na tulichojua kuhusu wao ni nyimbo za magari yao tu.

Tukakubaliana tufanye karatasi moja, ukurasa mbele na nyuma, kila mgombea na majibu yake kwa maswali yale yale, bila kusema nani mzuri nani mbaya. Yaani sisi hatusemi kitu, tunaandika tu walichosema wao.

Hiyo ya kutosema kitu haikuwa mapambo. Januari 2008, wakati wa vurugu za baada ya uchaguzi, nilikuwa kidato cha pili, na niliona majirani waliokuwa wanaazimana chumvi wanakimbiana na mapanga, niliona Showground, uwanja wa maonyesho, imejaa mahema ya waliokimbia makwao. Kwa ploti yetu kulikuwa na Mkikuyu, Mluhya, Mkisii, Mjaluo na Mkalenjin, na 2013 tulikuwa tumerudi kuazimana chumvi lakini kila mtu anapima maneno. Ukitoa karatasi yenye harufu ya upande mmoja hapo hujafanya elimu ya wapiga kura, umewasha kiberiti.

Maswali tulichagua manne, maji, takataka, mitaro na barabara za mtaani, na shule za chekechea. Kijana wa Egerton ndo alituzuia tusiulize upuzi, alikuwa na nakala ya katiba, akatufungulia kule nyuma kwa jedwali la nne penye kazi zimegawanywa. Sekondari na polisi ni za serikali kuu. Chekechea, zahanati, soko, takataka, maji, barabara ndogo ni za kaunti. Na mwakilishi wa wodi mwenyewe hajengi chochote kwa mkono wake, yeye anaenda bunge la kaunti kutunga sheria za kaunti, kupitisha bajeti na kumchunguza gavana. Wueh. Wagombea wawili walikuwa wanazunguka wakiahidi kituo cha polisi, mmoja anaahidi sekondari ya bure. Mimi nikataka tuandike pembeni ya hizo ahadi, "hii si kazi yake." Dada wa saluni akakataa, akasema ukiandika ukweli pembeni ya jina la mtu mmoja ushampiga. Tukabishana karibu tufunge saiba usiku. Mwishowe tukaweka kijisanduku kule juu kabisa, kabla ya jina lolote, kinachosema kazi ya huyu mtu ni nini na kazi ya serikali kuu ni nini. Msomaji atajipimia.

Halafu ikaja ya majina. Nilidhani hiyo ni rahisi, si tunapanga tu A mpaka Z. Jamaa wa boda akacheka, akaniambia hebu yapange. Nikapanga, nikaona. Hapa kwetu ukipanga kwa jina la pili ni kama umepanga kwa kabila, hawa wa K na Ch wanakaa pamoja juu, hawa wa O wanafuatana huko katikati, W wako chini kabisa na hao wa chini ndo watakuja kuuliza kwa nini. Tukakata vikaratasi tisa, tukavikunja, tukavitia kwa sufuria ya mwenye hoteli, na mtoto wake wa miaka sita akachomoa kimoja kimoja. Wagombea tuliwaambia watume mtu wa kushuhudia, wanne wakatuma. Hiyo sufuria ilitusaidia kuliko kitu kingine chochote tulichofanya.

Sheria ilikuwa maneno 30 kwa kila jibu, yasizidi, kwa sababu karatasi ni moja. Jamaa wa boda alizungusha fomu kwa wiki nzima, anangojea watu kwa mikutano, kwa mazishi, kwa kinyozi. Nane wakajibu. Wa tisa, huyo alikuwa hapatikani.

Sasa hapa ndo nataka kusema kitu ambacho wale wenzangu watatu nilikuja kuwaambia nimechelewa.

Kazi ya kuchapa ilikuwa yangu. Na kati ya hao wanane kulikuwa na mmoja nilimpenda na mmoja nilikuwa simtaki hata kumwona. Nilimpenda mama mmoja mwenye chama cha akina mama, hicho chama ndo kilikopesha mamangu fees yangu ya fomu foo. Nisiyemtaka alikuwa jamaa wa hardware, na kosa lake kubwa ni kwamba gari yake ya kampeni ilikuwa inapaki mbele ya saiba na spika nne, kutoka asubuhi mpaka jioni, mteja akitaka kuongea na mimi lazima apige kelele kama yuko machimboni.

Jibu la mama la maji lilikuwa limezidi. Nikalisoma, likanipendeza, nikaona aah, nikikata hapa litaharibika, nikaliacha. Jibu la jamaa wa hardware nalo lilikuwa limezidi. Hilo nikahesabu kwa kidole kwa skrini, moja, mbili, tatu, nikafika 30, nikafuta zingine zote. Sheria ni sheria, si ndio? Aliandika hivi: "Maji hayawezi kufika kila ploti kwa siku moja, mabomba yaliyopo ni ya zamani na ni membamba sana, kwa hivyo mimi sitawadanganya wananchi kwamba mwaka wa kwanza mtapata maji, lakini nitaanza na vioski vitano vya maji, kila kimoja karibu na shule." Mimi nikaacha mpaka hapo kwa "lakini nitaanza", nikaweka nukta. Soma tena uone. Mtu wa mtaani alikuwa anapata mgombea anayesema maji hamtapata, kwisha. Na nilijua. Sitaki kusema ilikuwa haraka ama usingizi, nililisoma likiwa limekatwa na nikatabasamu kidogo nikabonyeza printi.

Tulitoa nakala 600. Siku ya kwanza tukagawa kama 100 hivi, kwa stage, kwa saluni, kwa kanisa mbili na msikiti.

Kesho yake asubuhi akaingia Mwalimu. Huyu ni mzee aliyestaafu kufundisha praimari, kila mtu mtaani alimwita Mwalimu hata wale hakuwahi kuwafundisha, alikuwa anakuja saiba mara moja kwa wiki kusoma barua pepe ya mtoto wake aliye nje. Siku hiyo hakuomba kompyuta. Akaweka karatasi yetu kwa kaunta, akaigeuza inielekee mimi, na pembeni ya kila jibu alikuwa ameandika namba kwa biro nyekundu. 28. 30. 25. 29. Nikateremka na macho mpaka kwa mama, 38, amezungushia duara mara mbili.

"Wewe ndo ulichapa?"

"Ndio, Mwalimu."

"Hapa juu mmeandika yasizidi 30. Huyu mama mlimpa nane za bure kwa nini?"

Nikasema labda ni makosa ya kuchapa. Akanyamaza kidogo, akashusha kidole mpaka kwa jamaa wa hardware.

"Na huyu ana 30 kamili. Lakini sentensi haijaisha. Mtu mzima haandiki 'nitaanza' halafu anyamaze. Alikuwa anaanza nini?"

Nilihisi masikio yanachomeka. Hakuwa amekasirika, hiyo ndo ilikuwa mbaya, alikuwa anauliza tu kama mtu anasahihisha daftari. Nikafungua fomu ya asili kwa faili nikampa. Akasoma jibu lote pole pole, midomo ikisogea. Akairudisha kwa kaunta.

"Mimi huyu sitampigia kura," akasema. "Lakini hilo jambo la vioski nilikuwa nataka kulijua."

Akaenda zake, na karatasi yake akaenda nayo.

Mchana huo nikawaambia wenzangu. Dada wa saluni hakuniongelesha siku mbili. Jamaa wa boda alitukana kwanza, akamaliza, halafu akachukua pikipiki akazunguka kwa wale tuliokuwa tumewapa akirudisha alizoweza kurudisha, alileta kama 60. Kijana wa Egerton ndo alileta suluhisho, nalo lilikuwa rahisi mpaka nikashangaa kwa nini hatukuanza nalo. Sisi tusikate neno hata moja. Jibu likizidi, fomu inarudi kwa mwenyewe, anakata mwenyewe, anaweka sahihi, na watu wawili wanahesabu, kila mtu peke yake, kabla ya kuchapa.

Kwa mama nilienda mwenyewe, akakata bila shida, akaniuliza tu kwa nini nimekonda. Kwa jamaa wa hardware pia nilienda mwenyewe. Nilimkuta anapima misumari kwa kilo. Nikamwambia nilichofanya, sio tulichofanya, nilichofanya mimi. Akaangalia ile karatasi muda mrefu. Nilidhani ataniitia vijana wake. Akachukua kalamu akaandika: "Mabomba ni ya zamani. Mwaka wa kwanza nitaanza na vioski vitano vya maji, kila kimoja karibu na shule." Imetosha na imebaki. Halafu akaniambia atalipia hizo nakala mpya zote, na wino. Hapo nikasita, jamani, maana mwenye duka alikuwa tayari amesema zile 600 zilizoharibika zinatoka kwa mshahara wangu. Nikakataa. Nikamwomba kitu kimoja tu, asogeze hiyo gari. Aliisogeza mita kama kumi.

Tukachanga, tukapata za nakala 400. Na zilikuwa ziko karibu kwenda kwa mashine pale vijana wa yule wa tisa walipokuja, yule tulikuwa tumemwandikia "Hakujibu" kwa maswali yote. Wanasema tumemchafulia jina. Tukawapa fomu na saa mbili. Wakampigia simu hapo hapo, simu ikiwa kwa spika, na mheshimiwa akasema, "Mimi ni mtu wa vitendo, si wa makaratasi." Maneno nane. Tulihesabu watu wawili. Tukamuuliza tuandike hivyo kwa maswali yote manne? Akasema ndio, andikeni. Tukaandika.

Siku ya kura nilifika shule ya praimari saa kumi alfajiri na nikakuta watu washajipanga mpaka nje ya geti. Vile vimashine vya kutambua wapiga kura vilikuwa vinagoma sehemu nyingi nchini na hata kwetu vilianza vizuri halafu vikazima, karani akarudi kwa daftari la karatasi anatafuta majina kwa rula. Masaa matano kwa jua. Mbele yangu palikuwa na mama na mtoto mgongoni, ameshika karatasi yetu, ile mpya, ameikunja mara nne, na jibu la vioski amelipigia mstari kwa kalamu ya nyusi. Sikumuuliza kitu. Mimi mwenyewe nilipigia nani hiyo ya wodi nimebaki nayo, lakini nilikaa kwa kile kibanda cha kura muda mrefu kuliko nilivyopanga.

2017 nilikuwa nimeshatoka saiba, nina kibanda changu cha M-Pesa. Mwezi wa sita Mwalimu akapita kutoa pesa, anatembea na bakora sasa. Akachomoa kutoka kwa Biblia yake ile karatasi ya kwanza, ile mbaya, namba nyekundu zimefifia zimekuwa kama rangi ya chai.

"Mwaka huu nani anahesabu?"

Nikamwambia watu wawili, na nikamuuliza kama anaweza kuwa wa tatu. Akaangalia saa yake, akaniambia nimtumie fomu Alhamisi, Jumatano ana kliniki.