Kutoka Mérida hadi Peto: Kihispania kinapokaa jirani na Kimaya

Kombi za kwenda kusini hupakia karibu na bustani ya San Juan, katikati ya Mérida. Usiulize saa ya kuondoka. Gari likijaa linang'oka. Nilikaa kiti cha nyuma ya dereva, njia yangu ikiwa Ticul, Oxkutzcab, Tekax mpaka Peto, kandokando ya vilima vya Puuc katika jimbo la Yucatán. Sensa ya Mexico ya 2020 ilihesabu wasemaji wa Kimaya, lugha ya wenyeji wa rasi ya Yucatán, wapatao 775,000, na wengi wao wanatumia lugha mbili tangu asubuhi mpaka jioni. Nilichofuata ni namna Kihispania chao kinavyogawa uzito wa sauti.

Anayetoka Jiji la Mexico huisikia tofauti kabla gari halijatoka mjini. Kule irabu zisizo na mkazo humezwa, hasa zikikaa karibu na s. Huku irabu zinasalia nzima, na kinachokatika ni mshono wa neno na neno. Chukua *mi hijo*, "mwanangu". Kwingine i mbili huyeyuka zikawa moja. Hapa mara nyingi koo linafunga kufumba na kufumbua, kisha i ya pili inaanza upya. *Los otros*, "wale wengine", kwingine hutamkwa lo-so-tros. Hapa *los* inasimama peke yake, *otros* inajianzia. Mswahili asitafute mbali: kifungo hicho cha koo ndicho kilicho katikati ya "a-a" yetu ya kukataa.

Wengi huiita lafudhi hii "ya kuimba". Neno hilo linapoteza watu, kwa sababu linawafanya wasikilize wimbo wakati jambo kubwa limo katika vituo, pale sauti inapokatika.

Ticul nilipita tu. Oxkutzcab, penye soko la matunda, ndipo pa kukaa. Wauzaji wanaitana mita chache kutoka ulipo, na p, t na k zao zinatoka na pumzi. Wa Mombasa ataitambua pumzi hiyo mara moja: ndiyo inayotenganisha paa wa porini na paa la nyumba katika Kimvita. Halafu kuna n ya mwisho. Ukiuliza mkate, *pan* kwa Kihispania, jibu ni *hay pam*, "mkate upo", midomo imefungwa, ilhali *pan dulce*, "mkate mtamu", inabaki na n yake. Ikifuatwa na kimya, n huelekea kuwa m. Neno jingine likifuata mara moja, aghalabu haigeuki.

Upande wa Kimaya, maneno manne yanatosha kumfundisha mgeni: *kaan* ni nyoka, *ka'an* ni mbingu, *k'áan* ni kile kitanda cha nyuzi kinachotundikwa, *k'an* ni -bivu au rangi ya njano. Irabu ni tano, na kila moja ina sura nne: fupi, ndefu ya chini, ndefu ya juu, na iliyokatwa kooni. Maana yake ni kwamba kupanda na kushuka kwa sauti tayari kuna kazi ndani ya neno. Kwa hiyo msemaji akitaka kusisitiza, hutegemea zaidi kulihamisha neno. *Tin manaj waaj*, nilinunua tortilla, ile mikate bapa ya mahindi. *Waaj tin manaj*, ni tortilla nilizonunua, si kitu kingine. Katika Kihispania cha mtu huyo usingoje sauti ipae. Tafuta neno lililotangulizwa, kisha pima irabu yake yenye mkazo, maana mara nyingi inavutwa.

Kilele cha sauti nacho kina mahali pake. Katika *la nena miraba la luna*, "mtoto wa kike alikuwa akiutazama mwezi", Wahispania na Wamexico wengi hupandisha sauti kwenye *ne* lakini kilele kinaangukia *na*. Yucatán kilele huelekea kufika mapema, ndani ya *ne* yenyewe.

Anayetaka kurekodi achague sentensi za namna hiyo, zilizojaa m, n na l. Konsonanti zenye pumzi hupandisha sauti mwanzoni mwa irabu, na mtu anaweza kudhani ameona kilele cha mapema. Maikrofoni ikae kiasi cha sentimita 20 kutoka mdomoni, pembeni kidogo. Faili liwe WAV, aina isiyobana sauti. Feni izimwe hata kama joto linaua. Usimpe mtu karatasi asome, kwa kuwa atakuletea sauti ya darasani. Uliza swali linalodai jibu moja, "nani alinunua?", umruhusu arudie mara tatu. Kwenye Praat, programu ya kuchanganua sauti, mahali koo linapofunga, mstari unaoonyesha kupanda na kushuka kwa sauti hukatika au huporomoka hadi nusu ya kipimo. Hiyo si toni ya chini. Ni sauti inayokwaruza, na mashine imeihesabu vibaya. Kuza wimbi na uhesabu mapigo kwa macho. Kifungo chenyewe mara nyingi hakikamiliki, kwa hiyo anayetafuta kimya kitupu kati ya irabu mbili atakosa vifungo vingi.

Tena, msitwishe Kimaya mzigo wote. Mérida wapo wasiojua Kimaya hata salamu, na *pam* wanaisema. Andika lugha za kila msemaji, umri wake na mahali alipokulia kabla ya kumrekodi, la sivyo utakuwa unalinganisha mji na kijiji huku ukidhani unalinganisha lugha.

Peto tulifika jua likiwa bado kali. Mzee aliyekaa kivulini alimsalimu dereva, *Bix a beel?*, yaani njia yako ikoje. *Ma'alob*, nzuri, akajibiwa, koo likikata katikati ya a mbili. Kisha abiria mmoja akaulizwa hali kwa Kihispania. Akajibu *bien*, "vizuri", lakini midomo ikafungwa: *biem*.