Nani Abebe Upungufu?

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki nzima nimeelemewa na Danieli 5:27, "umepimwa katika mizani nawe umeonekana kuwa umepunguka." Tukilisoma neno hili tunamwona Belshaza na vyombo vya Hekalu alivyovinywea divai, tunatikisa kichwa, tunapita. Lakini wapo waliopunguka bila karamu yoyote. Wamepunguka wakihudumu.

Tazameni sarafu. Katika Uingereza ya karne ya 19 watu walilipana kwa sovereni, sarafu ya dhahabu ya paundi moja. Ilitoka kiwandani ikiwa na gramu 7.988, dhahabu ya karati 22, yaani sehemu 11 za dhahabu kwa moja ya madini magumu zaidi kama shaba, maana dhahabu tupu ni laini mno kwa shughuli za sokoni. Hata hivyo ililika. Iligongana na wenzake mfukoni, ikasuguliwa mezani ikihesabiwa, na kila mara ikapoteza kiasi kisichoonekana. Palipoinuka ndipo palipotangulia kulika: nywele za Malkia Victoria juu ya sikio zilififia wakati maandishi ya pembeni bado yanasomeka vizuri. Nusu sovereni ililika upesi zaidi, kwa kuwa kitu kidogo kina eneo kubwa la kusuguliwa kuliko uzito wake, tena hupita mikono mingi. Iliyofichwa sandukuni ilibaki inang'aa, na haikumnunulia mtu mkate.

Kiwango cha chini kisheria kilikuwa gramu 7.938. Tofauti ni gramu 0.05 tu! Jicho haliwezi kuiona, mizani ndiyo inayoiona. Mchumi Jevons alipochunguza jambo hili mwaka 1868 alikuta karibu theluthi ya sovereni zilizokuwa mikononi mwa watu zimeshuka chini ya kiwango, na akakadiria kwamba sovereni hufika hapo kwa miaka kama 18.

Sasa sikilizeni. Sheria ya mwaka 1870 iliagiza kwamba anayeletewa sarafu nyepesi aikate au aiharibu, na hasara iwe ya aliyeileta. Basi nani angeipeleka benki? Watu walijua, wakanyamaza, wakampa mwingine. Sheria iliyokusudiwa kuondoa sarafu nyepesi ikazifanya ziendelee kuzunguka. Mambo yalibadilika pale serikali ilipokubali kuibeba hasara yenyewe. Ilianza mwaka 1889 na sarafu za kabla ya Victoria, na mwaka 1891 Bunge likatenga paundi 400,000 kwa kazi hiyo. Hapo zikaletwa, zikayeyushwa, zikapigwa chapa upya.

Wapendwa, makanisa mengi bado yanaishi kwa sheria ya 1870. Mwalimu wa shule ya Jumapili akisema amechoka, tunamuuliza imani yake imekwenda wapi. Mzee wa kanisa akikiri kwamba haombi tena kama zamani, habari zake zinafika kwenye kwaya kabla ya ibada ijayo. Anayethubutu kujileta anakatwa mbele za watu, na wanaotazama wanajifunza kuficha. Kisha tunashangaa madhabahu imejaa watumishi wenye sura nzuri na uzito umekwisha! Wachungaji, hili ni letu kwanza. Ukimwaibisha mmoja aliyekiri, umewafunga midomo kumi waliokuwa wanajiandaa kukiri.

Mfalme wetu hakutenda hivyo. Eliya alipolala chini ya mretemu akiomba kufa, malaika alimletea mkate na maji, akamwacha alale, akamlisha mara ya pili. Swali la "unafanya nini hapa?" lilikuja baadaye kabisa, kule Horebu. Na hasara yetu, asema Petro, haikulipwa kwa fedha wala dhahabu, ililipwa kwa damu ya thamani. Imelipwa! Kwa hiyo wewe uliyelika, njoo ukiwa mwepesi hivyo hivyo. Utu wa nje unachakaa, wa ndani unafanywa upya siku kwa siku.

Wazee, juma hili mtafuteni mtumishi mmoja aliyeshika zamu muda mrefu bila kupumzishwa. Mwendeeni nyumbani, si ofisini. Msimpe karipio wala fomu. Mwulizeni anaendeleaje, mmsikilize hadi amalize, kisha mshike zamu yake mwezi mmoja, na mkirudi kanisani msimweleze mtu.