Muuguzi wa ng'ambo ya bonde

Nimezaliwa Kariakoo, mtaa wa Sikukuu. Utotoni nikitumwa mafuta ya taa sikuhitaji kuwaza njia. Wakifunga turubai la msiba hapo mbele, nakatiza mtaa wa Swahili, naibukia Narung'ombe, nafika. Mitaa ile ilipigwa kwa rula tangu ukoloni. Kila baada ya nyumba chache kuna njia panda.

Sasa naishi Goba, pembezoni mwa Dar es Salaam. Dirisha la jikoni linatazama bonde, na ng'ambo yake namwona mama mmoja akianika kanga. Ni muuguzi mstaafu, ndiye anayemsafisha mama yangu kidonda cha kisukari. Alikuwa akikata bondeni, dakika tano yuko kwetu. Mwaka jana mwenye kiwanja cha katikati akajenga ukuta. Ni haki yake, karatasi ya mauziano haikutaja njia. Siku hizi mama huyo anapanda mpaka lami, anazunguka, anashuka tena: dakika arobaini kwa miguu, na magoti yake si ya jana.

Hakuna aliyekusudia hivi. Mwenye shamba anauza ishirini kwa ishirini kila ada ya shule inapombana. Anaacha njia ya kufikia viwanja vyake tu, na wa shamba la pili vivyo hivyo. Njia mbili zinakuja zikitazamana, kila moja inaishia kwenye michongoma. Sinza ilipimwa miaka ya 1970 kabla watu hawajajaa, ndiyo maana huko unaweza kupenya. Sensa ya 1967 ilikuta Dar ina watu wasiofika 300,000. Ya 2022, zaidi ya milioni 5.3. Wengi tumejipachika pembezoni mtindo huu, na asubuhi wote tunamiminikia barabara zilezile, Bagamoyo au Morogoro, hata anayekwenda mtaa wa pili.

Kwenye kikao cha urasimishaji, yaani kupima viwanja ambavyo tayari vimejengwa, mpima aliomba kila mmoja aachie mita moja na nusu. Nimeachia, na mpera wangu umekwenda nayo. Mwenye ukuta alikataa. Tofali zake bado mpya, namwelewa. Lakini mzee aliyemuuzia alisimama akasema palepale ndipo alipokuwa akipitisha baiskeli yake ya korosho. Jumamosi tunakwenda kwa mwenye ukuta, mimi, mzee na mjumbe. Tumeshachanga hela ya kumjengea ukuta mwingine, mita mbili ndani.