Siku moja na nyuso zilizopinda

Saa 1:30 asubuhi. Kazi yangu ni kukanda na kuzoeza nyuso zilizopooza. Nakata kucha, maana gumba litaingia mdomoni mwa mtu. Nahesabu glavu, nafuta kioo.

Saa 2:00. Kijana wa bodaboda, ameamka jana mdomo umekwenda upande. Nyumbani wanasema upepo, jirani anasema kiharusi. Namwambia apandishe nyusi. Kiharusi kwa kawaida huliacha paji likikunjamana. Lake limelala upande mmoja, na jicho halifumbi: ni neva ya uso, si kiharusi. Sikioni hakuna malengelenge, dalili ya mkanda wa jeshi. Leo simkandi: arudi kwa daktari kwa ajili ya prednisolone, dawa ya kupunguza uvimbe wa neva, ambayo yafaa ianze ndani ya saa 72. Namwonyesha kubandika kope kwa plasta usiku, na matone mchana jicho lisikauke. "Yaani hunikandi?" Anaondoka amenuna.

Wawili wanaofuata ni shingo na nyuma ya sikio, kawaida.

Saa 5:00 ndiyo siku yenyewe. Mama mmoja, miezi mitano tangu apooze uso, akitabasamu jicho linafumba. Nyuzi za neva zilipoota upya, za mdomo zikaingia kwenye jicho. Anataka mashine ya umeme ya kushtua misuli. Nyumbani anapuliza baluni na kutafuna bigijii kutwa.

"Mwanangu, si ndiyo inaamsha mshipa?"

"Mama, mshipa umeshaamka. Umepotea njia tu, na wewe unaukimbiza."

Tunabishana karibu nusu saa, binti yake akiniunga mkono kwa macho. Hatimaye navaa glavu: gumba ndani ya shavu, kidole cha shahada nje, natafuta kamba iliyokaza kati ya pembe ya mdomo na mfupa wa shavu. Sisugui. Nabana taratibu, nasubiri kama sekunde 30 mpaka ilegee. Mikono haiponyi neva. Inalegeza nyama ili mazoezi yafanyike.

Kisha kioo. Tabasamu robo tu, jicho likianza kusinyaa, rudi. Mara tano, kutwa mara tatu. Anavuta mdomo kwa nguvu zote, jicho fyu! Tena. Tena. Safari ya sita pembe ya mdomo inapanda kidogo sana, jicho liko wazi. Binti anatoa simu apige picha, mama anacheka, jicho linafumba.

Mchana sikumbuki saa. Mashavu manne, matano. Gumba la kulia linapwita, na kioo kimejaa alama za vidole.